Sakafu ya plaiwudi juu ya fremu ya trela: bolti, skrubu au gundi?

Mwana wa Kisauni:
Assalaam aleikum wadau. Niko katikati ya kutengeneza trela ndogo ya kulalia, ya kuvuta nyuma ya gari tukienda pande za Voi na Tsavo watoto wakifunga shule. Fremu ishachomelewa: skwea tubu (chuma cha mraba chenye uwazi ndani) ya inchi 2 kwa 2, futi 8 kwa 5, na vyuma vya kukingama kila baada ya futi 2. Rangi bado.

Sasa ni sakafu, na kila mtu ana lake. Fundi wangu wa jua kali ataka kutoboa tubu juu mpaka chini akaze bolti. Shemeji yangu asema skrubu za kujitoboa zatosha. Mwenye hadiwea aniambia gundi peke yake, bolti za nini. Na plaiwudi niweke milimita 12 au 18? Kwangu upepo wa bahari waingia mpaka jikoni, bawaba za geti zimeliwa na kutu, basi hilo nalo mlitie kwenye hesabu.

Welda Jomvu:
Waleikum salaam. Afadhali umeuliza kabla ya rangi. Tubu usitoboe juu mpaka chini. Ukikaza bolti, kuta za tubu hubonyea, na bolti ikishatikiswa na barabara ya makorongo hulegea. Utakaza tena, zitabonyea tena. Tena lile tundu la chini ndilo mlango wa maji ya chumvi. Tubu huoza kutoka ndani, nje waona rangi yang'aa.

Mwambie akate vipande vifupi vya engo (chuma cha umbo la L), upana wa vidole vitatu hivi, avichomelee ubavuni mwa tubu kwa ndani, uso wa juu ulingane na uso wa tubu. Bolti ya milimita 8 ipite kwenye bao na kwenye kipande hicho tu. Pembezoni weka kila futi moja, na kwenye kila chuma cha kukingama viwili au vitatu. Chini washa pana na nati zile zenye plastiki ndani, maana nati ya kawaida haikai kwenye mtikisiko. Ncha za tubu zilizo wazi azizibe kwa kuchomelea. Kisha ndiyo usugue, upake praima na rangi, pamoja na ndani ya matundu yote.

Shemeji Mtu:
Mie niko upande wa shemeji yako, hata kama si mimi huyo 😂 Skrubu za kujitoboa zimeshika trela zangu za mizigo vizuri tu. Ila nunua zile zenye vibawa karibu na ncha. Zisizo na vibawa, uzi wake huuma mbao kabla ncha haijamaliza kutoboa chuma, basi bao lanyanyuka na halikai chini tena hata ulikalie.

Welda Jomvu:
@Shemeji Mtu trela ya mizigo bao likioza watupa, waweka jingine jioni hiyohiyo. Hii ina kitanda na kabati juu yake.

Seremala wa Mji wa Kale:
Ndugu zangu mwazungumza chuma tu. Kinachoua sakafu ya trela ni maji kuingia kwenye ukingo wa bao na kwenye matundu ya bolti. Uso wa plaiwudi haunywi sana. Ukingo ndio unaokunywa, kwa sababu pale nyuzi za mbao zimekatwa ziko wazi.

Mafundi wa mashua hawapigi msumari mkavu. Huuzungushia pamba iliyoloa mafuta chini ya kichwa, maji yasifuate msumari. Nawe fanya hivyo kwa vifaa vya leo: toboa tundu kubwa kuliko bolti, lijaze epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili, hukauka ngumu), ikikauka utoboe tena katikati kwa kipimo cha bolti. Sasa bolti haigusi mbao kabisa. Kingo zote zipake epoksi mara mbili, na upande wa chini wa bao upakwe *kabla* ya kufungwa. Ukishafunga hutaufikia tena ila ulale chali na brashi, rangi ikikudondokea machoni.

Bao liwe la marini, yaani plaiwudi ya mashua, au angalau lenye gundi isiyoachia kwa maji. La dari usiliguse hata likiwa nusu bei.

Mwana wa Kisauni:
Allah awabariki. Bao ni futi 8 kwa 4, fremu yangu ni upana wa 5. Nilitaka kukata mabao mawili futi 5 kila moja, niyalaze kwa kukingama, yakutane katikati juu ya chuma. Na ile gundi je?

Seremala wa Mji wa Kale:
Yatakutana vizuri, ila nguvu ya plaiwudi iko kufuata nyuzi za uso wake, na mara nyingi hizo zakwenda na ule urefu wa futi 8. Ukiyalaza kwa kukingama, nyuzi zitakwenda sambamba na vyuma vyako, na bao litabonyea kati ya chuma na chuma. Lilaze kwa urefu, kisha ule ukanda wa futi moja uliobaki uuweke upande wa kabati, ambako hapakanyagwi. Ongeza engo ya kwenda na urefu chini ya kiungo. Acha nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya mabao, uijaze silanti (dawa ya kuziba nyufa) inayonyumbuka.

Bint Likoni:
Kuhusu unene: futi 2 kati ya vyuma, milimita 12 itakuchezea miguuni. Lakini 18 ni nzito, bao zima lakaribia kilo 32, la 12 kama kilo 21. Mimi ningeongeza vyuma vinne vya engo nyepesi, kimoja katikati ya kila nafasi, zishuke kuwa futi moja, niweke bao la milimita 12. Hata ukijumlisha hivyo vyuma bado utaokoa kilo kadhaa, na mlima wa Mazeras gari lako litashukuru.

Gundi peke yake usithubutu. Hushika rangi, na rangi ndiyo hushika chuma. Rangi ikibanduka kwa kutu, sakafu nzima imebanduka. Weka utepe wa mpira au silanti nyembamba kati ya bao na chuma maji yasilale hapo, kazi ya kushika waachie bolti. Siku bao likichoka utafungua nati ubadilishe, huhitaji patasi na matusi.

Mwana wa Kisauni:
Basi ni milimita 12 na vyuma vinne zaidi, bao kwa urefu, vipande vya engo ubavuni. Fundi atanung'unika, atalipwa. Bolti ni stenlesi au za zinki?

Welda Jomvu:
Stenlesi kama mfuko waruhusu, huku pwani zinki haikai. Riveti za alumini usiweke popote kwenye chuma hicho, chumvi yazila haraka. Na waya za taa zipitishe kwenye fremu kabla bao halijafungwa, NTSA, wale wa mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wataka kuziona zikiwaka siku ya ukaguzi.