Mwingereza akisema kitu ni "dodgy" anamaanisha nini hasa?

DerevaNzuguni: Wakuu salaam, naombeni msaada maana jana sijalala vizuri. Naendesha gari la mradi wa visima hapa Dodoma, bosi katokea Uingereza. Juzi tunaenda Bahi akasema goti lake ni dodgy, nikampa pole. Kufika akakagua pampu, nayo dodgy. Sasa jioni nampa risiti ya dizeli akaigeuza geuza akasema nayo dodgy, akatia mfukoni akaondoka. Goti, pampu na risiti wapi na wapi? Kaniita mwizi au?

MamaIlazo: Kaka tulia kwanza. Kwa pampu maana yake ni kimeo, inawaka ikijisikia. Goti hivyo hivyo, na hata tumbo likivuruga baada ya kula wanasema dodgy. Ila ikija kwenye hela, makaratasi au mtu, hapo tumehamia kwenye magumashi. Mtu akiitwa dodgy keshaambiwa si mwaminifu, ni neno zito hilo, usije ukamwambia mtu usoni ukidhani unatania.

TichaMstaafu: Mama kasema vizuri. Niongeze kwamba linatokana na "dodge", yaani kukwepa, na hilo sisi tunalo siku nyingi tu, nani hapa hajawahi kudoji kipindi shuleni? Ndo maana goti la hivyo unalikanyagia linakukwepa, na mtu wa hivyo unamuuliza anakukwepa. Mwaka 2003 serikali ya Uingereza ilitoa ripoti kuhusu Iraki, ikaja kugundulika sehemu yake kubwa imenakiliwa kwenye makala ya mwanafunzi wa chuo, ikabatizwa "dodgy dossier" na jina likaganda mpaka leo. Ni neno la Waingereza zaidi, Mmarekani utamsikia anasema "sketchy" au "shady".

BodaMajengo: Mkuu hiyo risiti ni ya mkono au ya mashine? Na ilikaa wapi mchana kutwa?

DerevaNzuguni: Ya mashine ya EFD, niliiweka juu ya dashibodi tangu asubuhi.

BodaMajengo: Na jua lote lile la Bahi! Zile karatasi zinafutika mkuu, muulize tu.

DerevaNzuguni: Nimemuuliza leo asubuhi, moyo unanidunda. Kaitoa, tarehe inaonekana vizuri ila kwenye kiasi zimebaki sifuri mbili tu, kwingine kweupe. Akasema mhasibu ataikataa, wala hakuwa na neno na mimi. Hapa nipo sheli nasubiri nakala, asanteni sana ndugu zangu.