Tupeane uzoefu: mchezaji wenu wa zamani akirudi na jezi ya wapinzani, mlimpokeaje?

Kibandani Shangani
Wakuu habari za jioni. Jana banda umiza wamerudia ile mechi ya Machi 2024, Fei Toto anaitungua Yanga aliyotoka, Azam wanaondoka na 2-1. Kuna mtu mzima nyuma yangu kasimama anamporomoshea Fei matusi kwenye luninga. Mechi ya zamani, matokeo anayajua, na bado mishipa imemtoka shingoni!

Nikakumbuka enzi Ndanda yetu ya Mtwara ilipopanda Ligi Kuu, msimu wa 2014/15, tulivyokuwa tukiwasubiri pale Nangwanda Sijaona wale waliotuhama. Sisi tulikuwa kitalu cha mikorosho tu: mche ukichipua vizuri, mwenye shamba wa Dar anakuja kuung'oa. Msimu unaofuata kijana anashuka kwenye basi lenye kiyoyozi, miwani myeusi, anapunga mkono. Unapungia nani?

Mwageni ya kwenu. Ndondo, ligi ya mkoa, Ligi Kuu, zote ruksa. Majina ya watu tuyaache, wengine tunaswali nao msikiti mmoja.

Ming'oko na Chumvi
Sisi hatuzomei. Tunanyamaza. Ukitaka mchezaji aumie, mnyamazie.

Beki Mstaafu
Mtwara mnyamaze? Tangu lini? Mimi nimecheza pale, kuna sauti moja jukwaa la mzunguko naisikia hadi leo nikilala.

Ruangwa Damu
Nyie Mtwara mna kidonda tu. Msimu wa 2019/20 tulikuwa wote Ligi Kuu, mwisho wa siku nyie mkashuka, sisi Namungo tukacheza fainali ya FA kule Sumbawanga. Mchezaji akitoka kwenu kuja Ruangwa haitwi msaliti, anaitwa mwenye akili.

Beki Mstaafu
Fainali mliyofungwa na Simba 2-1. Malizia sentensi.

Ruangwa Damu
Na tukaenda Shirikisho Afrika hadi makundi. Nimemaliza sentensi.

Korosho Ghafi
Acheni hayo. Mimi natoa ya Masasi, mechi ya ligi ya wilaya.

Tulikuwa na golikipa mmoja, mrefu, mpole, tumekaa naye misimu kadhaa. Sasa mnajua golikipa wa muda mrefu huwa anajua mambo yote ya kamati ya ufundi, ile ya mambo ya waganga. Anajua geti lipi timu haipiti, nani anakuja uwanjani alfajiri na kimfuko, nini kimefukiwa wapi. Viongozi wakamzungusha posho yake. Leo njoo kesho, kesho mhasibu kasafiri, mara tusubiri mnada wa korosho. Akaondoka kimya kimya, akasaini kwa wapinzani wetu.

Siku ya mechi tumejipanga getini, ngoma inalia, tunamsubiri msaliti apite tumpe vidonge vyake. Fuso lao likaja, likapita geti bila hata kupunguza mwendo, likazunguka nyuma upande wa makaburi. Wakaruka ukuta mmoja mmoja, wanapokezana mabegi. Mzee wetu wa kamati akakaa chini hapo hapo. Geti lile ndilo lililokula michango yetu yote.

Haikuishia hapo. Kijana akatembea taratibu hadi golini, akachimbua kwa kisigino pembeni ya mwimo wa kulia, akatoa kifurushi cha kitambaa, akakipangusa mchanga, akakining'iniza kwenye wavu kila mtu akione. Uwanja mzima puuu! Hakuna aliyezomea tena. Kuna akina mama walichukua watoto wakaondoka. Tulifungwa mbili na hatukupiga shuti la maana, mabeki wetu walikuwa wanaangalia kifurushi badala ya mpira.

Baada ya mechi watu hawakumfuata kipa. Walimfuata mzee wa kamati arudishe michango. Kipa akapita kutusalimia kwa mkono akasema neno moja tu, "mimi nilikuwa nadai posho."

Ming'oko na Chumvi
Hahahaa kifurushi kwenye wavu. Nimecheka hadi wameniuliza nina nini.

Mchungaji wa Mikindani
Ndiyo maana mpira wa kusini hauendelei. Ushirikina.

Korosho Ghafi
Mchungaji, kwani Dar wanapitia geti lipi? Nyamaza tu.

Mkia wa Pweza
Watu wanasema kumfanyia vurugu mchezaji wa zamani ni ushamba wa mikoani. Mmesahau Oktoba 2016? Tambwe, ambaye Simba walimwacha wenyewe akaenda Yanga, kawafunga, na mashabiki wa Simba wakang'oa viti Uwanja wa Taifa. Mjini huko.

Mnyama wa Chikongola
Viti viling'olewa kwa sababu ALISHIKA MPIRA KWA MKONO. Usipotoshe historia.

Mkia wa Pweza
Angeshika mtu mwingine msingeng'oa.

Mnyama wa Chikongola
Na mechi iliisha 1-1, Kichuya aliingiza kona ya moja kwa moja. Hilo hulisemi.

Mkia wa Pweza
Kona hairudishi viti.

Dada wa Rahaleo
Mnajadili viti. Mimi kaka yangu alitoka timu ya hapa Lindi akaenda kucheza mkoa mwingine, akarudi na timu yake mpya Ilulu. Tulikwenda uwanjani mimi na mama. Mama kavaa jezi ya timu ya hapa hapa, ndiyo timu yake tangu tukiwa wadogo, hana nyingine. Mtoto kuhama ni kazi, yeye hakuhama.

Kaka alipogusa mpira wa kwanza walianza. Kwanza walimtukana yeye, sawa, ni mpira. Halafu mmoja akamtambua mama. Wakageuka jukwaani wakaanza kumwimbia yeye, maneno siyaandiki hapa. Maganda ya machungwa yakaanza kurushwa. Watu ambao mama aliwauzia vitumbua asubuhi wakienda shule! Nilimvuta tutoke, akagoma. Akavua kilemba, akapangusa bega lake, akajifunga tena, akakaa. Dakika za mwisho kaka akabaki peke yake na kipa, akapaisha.

Nyumbani usiku hakuna aliyeongea. Kaka anakula kichwa chini. Mama akamwekea kipande kingine cha samaki akamwambia, "Lile ungefunga. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kulia."

Angelia au angeshangilia, hadi leo hatujamuuliza.

Beki Mstaafu
Daah. Pole dada. Mama apewe maua yake.

Ming'oko na Chumvi
Mama hazomewi. Hapo hata mimi siungi mkono.

Dereva wa Msimbati
Msidhani ni sisi tu. Nilikuwa nawaendesha wageni wa gesi, mmoja Mwaustralia, yeye mpira wake ragbi. Alinisimulia habari za Sonny Bill Williams kwa hasira ambayo mpaka nikasimamisha gari. Jamaa alikuwa Bulldogs ya Sydney, kipenzi cha watu, mwaka 2008 katikati ya msimu, mkataba bado mbichi, akapanda ndege kimya kimya kwenda Toulon, Ufaransa. Hakuwaaga hata wenzake. Mwaka 2013 akarudi Sydney, ila kwa Roosters! Mji ule ule. Kila akikutana na Bulldogs ni zomeazomea. Na msimu huo huo Roosters wakachukua ubingwa naye.

Mkia wa Pweza
Ragbi ndiyo ule mpira wa yai?

Dereva wa Msimbati
Ndio huo. Wanakumbatiana na kuangushana, na bado kinachowauma ni mtu kuhama.

Ming'oko na Chumvi
Hiyo ni Morrison kabisa. Machi 2020 akiwa Yanga anawafunga Simba kwa faulo, Agosti anavaa jezi ya Simba. Baadaye huyoo Yanga tena.

Mshenga Mstaafu wa Msemo
Sikutaka kuchangia ila mmenichokoza. Mimi nilikuwa mshenga, na mpira uliingia kwenye posa.

Kijana ni wa Mtwara mjini, winga hatari. Alikuwa anavuka maji kwa kivuko kwenda kuchezea timu ya Msangamkuu. Watu wakadhani anapenda mchanga wa kule. Anapenda mchanga wapi, kulikuwa na binti! Baba wa binti ndiye mweka hazina wa timu. Nikapeleka barua, ikapokelewa, mahari ikatajwa, nusu ikatolewa, mambo safi. Mzee alikuwa anamwita "mwanangu" mbele za watu, anamwekea kiti.

Kabla nusu ya pili haijatoka, ikaanza ndondo. Timu moja ya mjini ikamfuata na pesa ambayo Msangamkuu hawana. Mwenyewe akanambia, "Mshenga, hii hela si ndiyo ya kumalizia mahari?" Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Tatizo, nusu fainali wakapangwa na Msangamkuu, na mechi ni kule kule ng'ambo.

Wazee wametandika mikeka pembeni ya goli. Dakika za lala salama, bado sare, winga wangu akaingia kutoka kushoto, akamzunguka kipa, akafunga. Basi ungefunga ukarudi kati. Hapana! Akavua jezi, akakimbia nayo hadi mbele ya mikeka, akapiga magoti mbele ya baba mkwe. Yeye anasema alikuwa anaomba radhi. Kwa mbali ilionekana anakejeli. Mzee akasimama, akakunja mkeka wake, akaondoka bila kuvaa viatu.

Filimbi ya mwisho, tunakwenda kivukoni, njia imefungwa. Vijana wanaimba "Mahari irudi! Mahari irudi!" MV Mafanikio inatusubiri, tunaiona, hatufiki. Mara akaja mtoto mdogo ananiambia, "Babu anakuita. Uje na huyo."

Chaji inaniishia wakuu, nitarudi.

Beki Mstaafu
Wewe! Utarudi wapi?

Mnyama wa Chikongola
Mtu akae na simu ya asilimia mbili halafu aanzishe stori kama hiyo. Huyo ndiye wa kuzomewa.

Dada wa Rahaleo
Mimi sipiki mpaka amalize.

Winga Teleza
Samahanini kaka zangu, mimi nasoma tu huwa sichangii. Nimehama timu ya Newala nimekuja Mtwara, na Jumamosi tunakwenda kucheza kule kule. Mama na bibi wako Newala. Nikifunga nifanyeje?

Korosho Ghafi
Usishangilie. Inua mikono juu, rudi kati, tena kwa kutembea.

Mkia wa Pweza
Shangilia mpaka wazimie. Wao walikulilia ulipoondoka?

Ruangwa Damu
Njoo Ruangwa uwakwepe wote.

Beki Mstaafu
Mdogo wangu nisikilize mimi niliyecheza. Fika mapema kabla watu hawajajaa. Msalimie mtunza uwanja, wauza maji, wale watoto wa kuokota mipira. Ukishasalimiana na watu kumi, uwanja mzima utakuzomea lakini hao kumi watakuwa wanacheka. Halafu usicheze upande wa jukwaa lenye kivuli kipindi cha kwanza, wenye sauti wote wanakaa kivulini.

Winga Teleza
Kaka mimi ni winga, upande anapanga kocha.

Mchungaji wa Mikindani
Omba Mungu tu kijana.

Korosho Ghafi
Na usipite geti kuu.

Dada wa Rahaleo
Mama yako akae nyumbani asikilize kwa jirani. Tena mpigie simu leo.

Ming'oko na Chumvi
Wakikuzomea shukuru. Pale Nangwanda kuna mabeki wameshakuja na timu zao mpya wakacheza dakika tisini hakuna aliyekumbuka kama waliwahi kuwa wetu. Mmoja alinisimamisha nje akaniuliza, "kwani hamkuniona?"

Mshenga Mstaafu wa Msemo
Nimerudi. Umeme ulikatika.

Tukakaa barazani. Mzee hatuangalii. Akasema posa haivunji, yeye ni mtu mzima, ila nusu ya mahari iliyobaki ije pamoja na faini ya goli: beberu mmoja na seti nzima ya jezi za timu. Nikaomba tupunguze, wazee wote wakakaa upande wake. Winga kainama, anahesabu vidole.

Binti akatokea mlangoni. Akasema, "Baba, uwanjani si mlisema wote lile goli ni ofsaidi?" Wazee wakadakia, ndiyo, ofsaidi ya wazi kabisa, refa kanunuliwa! Binti akasema, "Basi kama ni ofsaidi, goli halipo. Faini ya nini?"

Baraza lote kimya. Mzee akatutazama mmoja mmoja. Akitoza faini, amekubali goli ni halali mbele ya wazee wenzake. Akafikiri weee, mwisho akasema, "Beberu nimesamehe. Nusu iliyobaki mlete kabla ya Ramadhani." Wana watoto sasa. Kwenye sherehe, mzee mwenyewe aliwaambia wageni kwamba mkwe wake hajawahi kuifunga Msangamkuu.

Dada wa Rahaleo
Huyo binti apewe TFF.

Mnyama wa Chikongola
Lakini kweli ilikuwa ofsaidi?

Mshenga Mstaafu wa Msemo
Wala. Beki wao wa kulia alikuwa amelala kabisa nyuma.

Ng'ambo ya Pili
Mshenga usidanganye watu hapa, mimi ndiye huyo beki. Nilikuwa nimeshatoka nje ya mstari nafunga kiatu. Ofsaidi mchana kweupe.

Mshenga Mstaafu wa Msemo
Unafunga kiatu dakika za lala salama nusu fainali?

Ng'ambo ya Pili
Kamba ilikatika. Muulize refa, yuko Likombe anauza simenti.

Winga Teleza
Kwa hiyo kaka zangu, nishangilie au nisishangilie?