Seva ya bekapu kazini inaingilika bila paswedi na bosi kasema nisiguse, nifanyeje wakuu?

Kijana wa Chumbageni
Habari za jioni wakuu. Mwenzenu nimekwama, wiki ya pili sasa silali vizuri.

Niko Tanga, nafanya IT kwenye kampuni moja ya kutoa na kuhifadhi mizigo karibu na bandari, na IT yenyewe ni mimi peke yangu, rauta mimi printa mimi seva mimi. Seva ziko tatu, zote zinabekapiwa na Veeam, programu ya kutunza nakala za data, iliyofungwa na mafundi wa nje kabla mi sijaajiriwa. Juzi napitia fayawoli, ule ukuta wa kuzuia watu wa nje, nikakuta poti 9443 na 9398, yaani milango ya mtandao, ziko wazi kwa dunia nzima, kumbe walizifungua ili wachungulie bekapu wakiwa kwao, mkataba ukaisha wakaondoka milango wakaiacha vilevile. Nikaangalia toleo la Enterprise Manager, sehemu ya Veeam ya kusimamia bekapu kwa brauza, ni 12.0. Nguvu zikaniisha, maana hilo limo kwenye tangazo la Veeam la Mei 2024 kuhusu tundu la usalama, namba yake CVE-2024-29849, hatari yake 9.8 kwa 10, mtu anaingia kwa jina la mtumiaji yeyote anayemtaka na paswedi haulizwi.

Bosi nimemwambia, akasema mbona miaka yote hatujaibiwa, na huu ni mwisho wa mwezi nisiguse kitu mpaka hesabu zifungwe. Simlaumu sana, anachoogopa ni mfumo kulala mteja anasubiri mzigo wake. Lakini mle ndani kuna vitambulisho vya vibarua, mishahara, nyaraka za mali za watu. Naomba kujua, nikizima hiyo huduma bekapu za usiku zitasimama? Na ile programu ya kujaribia hilo tundu iliyozagaa mtandaoni, nikiitumia niingie mbele ya bosi aone kwa macho yake, ni kosa?

Mzee wa Waya
Pole yakhe. Swali la kwanza jepesi, hazisimami. Enterprise Manager ni dirisha tu la kusimamia kwa brauza, kazi ya bekapu inafanywa na Backup & Replication ambayo ni kitu kingine. Fungua orodha ya huduma za Windows, simamisha VeeamEnterpriseManagerSvc na VeeamRESTSvc, zote ziweke Disabled zisijiwashe seva ikizimwa na kuwashwa. Angalia sana usije ukasimamisha ile inayoitwa Veeam Backup Server RESTful API Service, majina yanafanana lakini hiyo haihusiki, iache. Wenyewe Veeam ndo walivyoelekeza kwa ambaye hawezi kuapudeti mara moja. Na kama hilo dirisha hamlitumii kabisa litoe, halina haja ya kukaa.

Poti za fayawoli funga leo. Hilo halimgusi mtu yeyote wa mahesabu.

mkonge_fiber
Mwambie bosi kwa mfano anaoujua. Hilo tundu linafanya hivi: mgeni anakuja getini anasema mimi nimethibitishwa na ofisi fulani, na namba ya simu ya hiyo ofisi anaitoa yeye mwenyewe mfukoni. Mlinzi anapiga ile ile namba, anapokea mwenzake na mgeni, anasema ndiyo ni mtu wetu mpitishe, geti linafunguliwa. Veeam ilikua inapokea tokeni (hati ya utambulisho) ya VMware, mfumo wa seva pepe, halafu inaenda kuihakiki kwenye anwani iliyoletwa na huyo huyo anayeingia. Paswedi yako iwe na herufi arobaini haisaidii kitu, hakuna aliyeiuliza. Mtu wa bandari hili ataelewa bila kuchorewa.

Bi Nuru
Ndugu yangu hiyo ya kuingia mbele ya bosi USIFANYE. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo bila ruhusa kuwa kosa, na kuajiriwa hapo peke yake sio ruhusa ya kuuvunja, siku mkikosana na bosi ushahidi umeutengeneza mwenyewe. Unachotakiwa ni kuandika. Barua pepe fupi, tarehe, toleo mlilonalo, poti zilizokua wazi, unachoomba kufanya na kitachukua muda gani. Hapo hapo mkumbushe kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inafanya kazi tangu Mei 2023, taarifa za hao vibarua zikivuja kampuni inatakiwa kuijulisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mabosi wengi neno "seva" haliwashtui, ila barua wanayotakiwa kuisaini wenyewe inawashtua.

Pwani ya Chini
Mimi niko Bagamoyo na hili nalisema kwa uchungu. Sehemu niliyokua nafanya kazi wezi wa mtandao waliingia kwa njia nyingine, sio hii, lakini walikimbilia bekapu kwanza, wakafuta zote, ndo wakarudi kufunga mafaili yasifunguke. Tuliandika upya kutoka kwenye makaratasi, siku nyingi sana, na kuna vitu havikurudi mpaka leo. Kwahiyo usiku huu huu nunua eksteno, kopi nakala, ichomoe, ikae kabatini. Isiyo na waya hakuna wa kuifuta kwa mbali.

Mzee wa Waya
Pwani kasema kweli. Na ukipata ruhusa ya kuapudeti usiishie 12.1.2.172 iliyoziba hilo la Mei. Septemba 2024 likatoka CVE-2024-40711, hilo lipo kwenye Backup & Replication yenyewe, nalo 9.8, likazibwa kwenye 12.2, na wale wa Akira na Fog, wanaofunga mafaili ya watu na kudai fidia, walilitumia kwelikweli. Walikua wanatengeneza akaunti ya ndani inaitwa "point" wanaipa uadmini, itafute kwako. Halafu Machi 2025 jingine tena, la seva ya bekapu iliyoungwa kwenye domeini (mtandao wa ofisi wenye akaunti za pamoja), likazibwa 12.3.1. Yako imeungwa?

Kijana wa Chumbageni
Imeungwa ndiyo, nayo pia ni ya wale mafundi.

Wakuu Mungu awabariki. Jana poti nilizifunga nikatuma barua pepe kama alivyosema Bi Nuru na mfano wa geti nikauweka mule mule, leo asubuhi bosi kaniita kauliza swali moja tu, hesabu zitasimama? Nikasema hapana, akasaini. Huduma zote mbili nimezima saa nne, kazi ya bekapu nikaiendesha kwa mkono ikapita salama. Akaunti ya "point" hakuna, ila kwenye maadmini nimekuta jina la fundi mmoja wa wale wa zamani, nimelifunga. Jumapili naapudeti na kuitoa kwenye domeini. Sasa hizi paswedi za seva zilizohifadhiwa ndani ya Veeam, nibadilishe sasa hivi au nisubiri hiyo Jumapili?

Mzee wa Waya
Hiyo ya fundi na za admini badilisha leo. Zilizobaki Jumapili ukishaapudeti, na hapo katikati soma logi (kumbukumbu za walioingia) za 9443 na 9398 za nyuma kadri zinavyofika, ukiona anwani usiyoijua imeingia usiku tupia hapa, usifute chochote.