Naomba ushauri: barua ya mkono ya Marcel Proust, yule mwandishi wa Kifaransa, nitajuaje kama ni halisi?

MsakaNyaraka: Wakuu, habari za jioni. Muuzaji wa Paris ana barua ya Proust: karatasi moja iliyokunjwa, kurasa 4, ukingo mweusi, tarehe hakuna. Humo Proust analalamika pumu imembana, hawezi kupokea wageni. Muuzaji anasema ni ya 1921. Nianzie wapi kabla sijatoa hela?

WinoMkavu: Mkuu, kukosa tarehe ni kawaida yake. Mimi huo ukingo ndio unanitia shaka. Ni karatasi ya msiba, ya kuandikia ukiwa umefiwa: baba yake Proust alifariki Novemba 1903, mama Septemba 1905. 1921 ni mbali mno, ingawa mtu anaweza kutumia karatasi zilizobaki. Pumu haikusaidii kujua mwaka, ilimsumbua tangu utotoni mpaka anakufa Novemba 1922. Tazama anwani ya nyumba yake Paris: 45 rue de Courcelles ni kabla ya 1907, 102 boulevard Haussmann inaishia 1919, 44 rue Hamelin ndiyo ya mwisho.

LenziKumi: Omba uishike mkononi, picha ya simu haitoshi. Kwa lenzi ya mara 10, mstari wa kalamu ya kuchovya hunenepa na kukonda, na wino hutuama pale mkono uliposita. Ukiona nukta nukta, hiyo imechapwa. Kisha izimie taa, uimulike kwa taa ya urujuanimno (UV). Iking'aa samawati, achana nayo: hiyo ni dawa ya kung'arisha karatasi, viwanda vilianza kuitia Proust yuko kaburini zamani. Isipong'aa usishangilie bado, waghushi huchana kurasa tupu za vitabu vikuukuu.

WinoMkavu: Na upekue barua za Proust zilizokusanywa na kuhaririwa na mtaalamu Philip Kolb, juzuu 21. Ukiikuta humo, soma asili yake iko wapi. Kama iko maktaba, unauziwa nakala au mali ya wizi. Usipoikuta si lazima iwe feki, nyingine bado zinaibuka.

MsakaNyaraka: Shukrani wakuu. Nikiinunua, niipige lamineshi?

LenziKumi: Usithubutu! Ule moto unaiharibu na gundi yake haitoki tena. Seloteipu pia hapana. Ikunjue, maana hupasukia kwenye mkunjo, uitie kwenye mfuko wa plastiki ya poliesta (plastiki ya PVC usiguse), ndani ya boksi lisilo na asidi. Unyevu asilimia 40 hadi 50. Ukutani tundika fotokopi.