Ofisi imevunjwa kuta zote, kichwa hakitulii. Nimwandikie nini bosi?

Mhasibu_Mpole:
Wakuu habari za muda huu, naombeni ushauri. Ofisini tuko watu 26, miezi mitatu iliyopita vyumba vyote vikavunjwa tukawa ukumbi mmoja, eti tutashirikiana zaidi. Kazi yangu ni mahesabu na nimetazamana na watu wa huduma kwa wateja, simu asubuhi hadi jioni. Nikiwa katikati ya kujumlisha nasikia "naomba nitajie namba yako ya risiti", namba yangu imeshapotea, naanza upya. Ikifika saa kumi kichwa kinagonga na kazi nabeba nyumbani. Bosi kasema nilete mapendekezo kwa maandishi ila hela ya kujenga tena hakuna.

Kipepeo77:
Pole sana ndugu, na usijilaumu kwamba huna umakini. Kinachochosha sio ukubwa wa sauti, ni maneno yanayoeleweka. Feni ikivuma siku nzima unaizoea, ila mtu akiongea lugha unayoijua ubongo unamfuata tu utake usitake. Na hiyo ya kushirikiana, mwonyeshe utafiti wa Ethan Bernstein na Stephen Turban wa 2018, waliwavalisha wafanyakazi vifaa vya kupima nani anaongea na nani kabla na baada ya kuta kuondolewa, maongezi ya ana kwa ana yakashuka kwa karibu 70% na barua pepe zikaongezeka. Ukiwa machoni pa kila mtu unavaa hedifoni unainamia skrini yako basi.

Mpangaji wa Ofisi:
Hii ndo kazi yangu. Kuta ziache kwanza, angalia nani anakaa jirani na nani. Watu wa simu wote kona moja, wa hesabu na kuandika kona ya mbali, katikati panga makabati marefu na printa. Halafu ukumbi ukiwa mtupu piga kofi moja tu, sauti ikibaki inalia hewani ujue vigae na vioo vinairudisha, hapo zulia, mapazia mazito na ubao wa matangazo uliovikwa kitambaa vinasaidia sana. Kama kuna stoo ndogo itoeni vitu iwe ya simu ndefu. Skrini nayo dirisha liwe ubavuni mwake, sio mbele wala nyuma, macho yatakushukuru.

Dada wa Zamu:
Mimi nitapingana kidogo. Tulikuwa na vyumba na mgeni akiajiriwa alikuwa anakaa wiki nzima hajui amuulize nani, ukumbi ulitusaidia. Usiombe kuta, omba masaa. Sisi saa tatu hadi saa tano hakuna kumgusa mtu bega, dharura tu. Na madirisha msiwaachie wakubwa ambao muda mwingi wako vikaoni. Mwaka 1984 Roger Ulrich alionyesha wagonjwa waliofanyiwa upasuaji vitanda vyao vikitazama miti waliruhusiwa mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali, sasa wewe unayekaa palepale masaa nane je?

Mhasibu_Mpole:
Asanteni sana jamani. Leo nimebaki baada ya kazi nikapiga hilo kofi, limelia kama niko kwenye tangi la maji. Makabati manne yapo yamesukumwa ukutani hayana kazi. Naandika la kona mbili na la masaa, la dirisha nalo naliweka ingawa naogopa kidogo, maana dirisha kubwa liko nyuma ya kiti chake yeye bosi.