Shetani wa Kimakonde: ni mila au ni bidhaa ya watalii?

Ndugu zangu, kila vikitajwa vinyago vya shetani, yaani sanamu za pepo zinazochongwa na Wamakonde, kuna hoja inayorudi: kwamba si mila ya Wamakonde, vilizuliwa Dar es Salaam miaka ya 1950 ili Wazungu wanunue. Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Mtindo ule unahusishwa na Samaki Likankoa, mchongaji Mmakonde kutoka Msumbiji, na kazi zake zilipita mikononi mwa mfanyabiashara Mohamed Peera. Siyapingi hayo. Ninachopinga ni kuambiwa kwamba kwa sababu viliuzwa, basi havina asili.

Soko lilitaka mpingo: mweusi, mzito, unaong'aa. Barakoa za mapiko, ngoma ya jando ya Wamakonde, kule Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, huchongwa kwa mti mwepesi, maana mtu huivaa akaicheza ngoma. Basi hapo mnunuzi alibadilisha mti. Lakini yule shetani mwenye jicho moja na viungo vilivyopindana, mnunuzi angemjulia wapi? Nandenga na pepo wenzake walikuwa wakisimuliwa vijijini zamani.

Tena Wamakonde husimulia kwamba mtu wa kwanza aliishi peke yake porini. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha, usiku ikageuka mwanamke. Wakazaa kando ya mto, mtoto akafa. Wakapanda juu kidogo, wa pili naye akafa. Wa tatu alizaliwa juu kabisa, uwandani, akaishi. Watu wanaosema mama yao alitoka kwenye tezo, utawaambiaje kwamba kuchonga walifundishwa na duka?

Wahenga walisema kinyago ukichonge mwenyewe kisikutishe. Kwenye mapiko mtoto hutishika kweli, hadi aingie jando afunuliwe kwamba ndani yumo mtu. Mchongaji aliyepita hapo anaijua hofu kwa pande zote mbili, na mkono wake unaonyesha.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Leo utakuta mti mweupe umepakwa rangi ya viatu uitwe mpingo, na shetani aliyenakiliwa kutoka kwa shetani wa jirani. Sisemi achonge Mmakonde peke yake. Patasi haiulizi kabila. Ila kijana asiyewahi kusimuliwa habari za nandenga usiku, anachonga nini? Wanaosema hadithi si lazima, mkono hodari unatosha, naomba wanijibu hapo.