Nikiomba ruhusa picha inakufa, nisipoomba najiona mwizi. Mnafanyaje wenzangu?

KijanaWaMtoni

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu.

Nina miaka 24, nakaa Mtoni kwa Azizi Ally, Dar es Salaam, na tangu mwaka jana nina kamera ya mtumba yenye lenzi moja tu, ya milimita 50. Sipigi harusi wala kipaimara. Ninachokipenda ni watu wakiwa kazini mtaani.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Soko la Samaki la Feri saa moja asubuhi. Wanaopajua wanajua saa ile palivyo. Mnada umepamba moto, dalali anataja bei huku kainua nguru kwa mkia, wapaa samaki wamekaa safu nzima magamba yanawarukia mpaka kwenye kope, na upande wa wakaangaji moshi wa kuni unapanda, jua linaupasua kutoka baharini. Kulikuwa na mama mmoja amejifunga kanga kifuani anageuza vibua kwenye karai. Mwenzake akamwambia neno, akacheka mpaka kichwa kikaenda nyuma. Nikabonyeza. Picha moja tu.

Akaniona. Hakupiga kelele. Aliniuliza taratibu: "Mwanangu, umeniomba?" Nikakosa la kusema. Akaendelea: "Mnatupiga hapa tuna jasho, mnakwenda kutuuza kwa Wazungu, sisi tunabaki na moshi wetu." Wenzake wakaanza kusogea. Nikamwonyesha ile picha, nikaifuta mbele ya macho yake, nikaomba radhi. Ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, lakini hilo limeshapita. Kinachoniuma hadi leo ni alivyonitazama. Ana umri wa mama yangu.

Mbele kidogo nikamkuta mzee anashona wavu. Safari hii nikasalimia, nikajitambulisha, nikaomba. Akakubali kwa moyo mweupe. Lakini palepale akaweka wavu pembeni, akasimama, akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni, akavua kofia akaivaa upya, akabana mikono ubavuni na kunikazia macho kama yuko kwenye picha ya pasipoti. Nikapiga tatu, zote zinafanana. Yule mzee niliyemwona mwanzo, vidole vinakwenda vyenyewe huku anaimba kwa sauti ya chini, hayumo hata kwenye moja.

Nauliza kwa dhati. Unaomba kabla na kuikosa picha, au unapiga kwanza ndipo unaomba? Na mtu akitaka hela unampa? Kuna mmoja aliniambia elfu tano.

---

Mzururaji

Barabarani ni pa watu wote. Kila mtu ana simu, kila duka lina kamera ya ulinzi, na hakuna anayeombwa. Ukianza kuomba hutapata picha hata moja yenye uhai, wewe mwenyewe umeshaona. Mpiga picha Henri Cartier-Bresson wa Ufaransa alikuwa akifunika vyuma vya kamera yake kwa utepe mweusi ili watu wasimgundue, na leo dunia nzima inajifunza kwake. Piga, tembea.

---

MamaSupuBuguruni

Nimesoma hapa nikaona lazima niandike, maana nyote mnaozungumza mmeshika kamera. Mimi niko mbele yake.

Nauza supu na chapati Buguruni, mwaka wa kumi na moja huu. Kuna siku mtu alinipiga nimeinama nachochea jiko, kanga imeshuka begani, jasho linatiririka. Sikumwona. Baada ya wiki tatu mtoto wa dada yangu ananitumia picha, inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, juu imeandikwa kwa herufi kubwa maneno ya kuwahurumia wanawake maskini. Mimi! Kwa jiko lile lile nimejenga vyumba vitatu Chanika na binti yangu yuko chuo mwaka wa pili. Naye aliiona. Wenzake chuoni waliiona. Alinipigia simu akaniuliza: "Mama, kuna mtu alikuja kukuhoji ukamwambia tuna shida?" Nilikaa na swali hilo siku nzima sina hamu ya kula.

Aliyenipiga simjui mpaka leo. Kwa hiyo kaka Mzururaji, wewe umepiga ukatembea, picha nimebaki nayo mimi.

Na wewe mwanangu wa Mtoni, yule mzee usimwone ameharibu picha kwa kufunga vifungo. Siku ile ningeulizwa, ningesema subiri nifunge kilemba vizuri, nipandishe kanga, ndipo upige. Kazi yangu siionei haya hata kidogo. Ila picha inakwenda mahali ambapo mimi sitakuwepo kujieleza, acha iende imevaa.

---

FundiPichaNgamiani

Marahaba mwanangu. Na mama wa Buguruni, pole sana, na nashukuru umesema.

Nimeanza kazi hii 1983, studio ya mjomba wangu Ngamiani, Tanga. Mkanda mmoja picha 36, na mkanda ulikuwa hela nyingi, kwa hiyo hubonyezi mpaka ujue unabonyeza nini. Sikukuu ya Idi tulikuwa tunatundika pazia uwanja wa Tangamano, watu wanapanga foleni kuanzia alasiri. Baba anakuja na koti la kuazima, mama ana hina mbichi mikononi, watoto wamepakwa poda mpaka shingoni. Hakuna aliyecheka. Wote walisimama wima kama huyo mzee wako, kwa kuwa picha ilikuwa kitu cha kutundikwa ukutani, na mjukuu ambaye hajazaliwa angekuja kuitazama. Mzee wako alipofunga vifungo alikupa heshima ya namna hiyo. Wewe ulikuwa na haraka ya kuona vidole vyake.

Nikwambie ninavyofanya mimi. Picha ya kwanza ni yake. Mpige anavyotaka, wima, kofia imenyooka, na uipige kwa makini yako yote: mtoe kwenye jua kali, angalia nyuma yake kuna nini, hakikisha macho yamekaa sawa. Usiipige ili umalize. Mwonyeshe. Akiikubali, kaa chini. Kamera usiirudishe kwenye mkoba, iache mapajani aione. Muulize wavu huo ni wa samaki gani, jicho lake inchi ngapi, nyuzi ananunua wapi. Atarudi kwenye kazi kwa sababu kazi inamngoja, na atakufundisha huku anashona. Dakika ishirini hivi, amekuzoea. Hapo picha unayoitaka inakuja, naye anajua kamera ipo na kakubali iwepo. Ukimaliza mwonyeshe na hizo, na asiyoipenda uifute.

Halafu irudishe. Hapa ndipo vijana wengi mnaposhindwa. Zamani mtu alikuwa hakulipi mpaka umesafisha picha ukampelekea, kwa hiyo kurudi ilikuwa lazima. Sasa picha inabaki ndani ya simu yako na yeye anaambulia kuitazama sekunde mbili kwenye kioo. Kwangu hapa saizi ya postikadi naitoa kwa shilingi 1,000. Ukishindwa elfu moja kwa mtu aliyekupa uso wake, basi punguza idadi ya watu unaowapiga.

Nilikuwa na mzee wangu mmoja muuza kahawa, Barabara ya 12. Alinikatalia miaka miwili. Kila nikiomba anasema, leo hapana. Nilikuwa nakunywa kikombe changu na kashata, nalipa, naondoka. Siku moja nikawa na picha ya fundi cherehani jirani yake, fundi hayupo, nikamwachia yeye ampe. Aliitoa kwenye bahasha akaitazama muda mrefu sana, akaigeuza nyuma kama anatafuta kitu kimeandikwa. Keshoye aliniita mwenyewe, kanzu nyeupe, dele lake la kahawa amelisugua linang'aa. Alipofariki, wanawe walikuja studio kuniuliza kama nina nyingine. Ile ilikuwa ndiyo picha pekee waliyokuwa nayo ya baba yao akiwa mtu mzima.

Kuhusu hela, mimi silipi picha ya mtaani, nanunua anachouza. Ukimpa mtu elfu tano ili umpige, anaona amekodiwa, anaanza kukuigizia. Lakini ikiwa unapiga kwa ajili ya kuuza au tangazo, hiyo ni biashara, mlipe pesa nzuri na muandikiane.

Mwanamke akiinua mkono au akigeuza uso, ameshakujibu, usingoje atamke. Mtoto usimtegemee yeye hata akikurukia "nipige, nipige", mtafute mzazi. Na Feri ni jirani na Ikulu na kivuko, kwa hiyo kila unapoinua kamera angalia lenzi inaelekea wapi.

Huyo bwana wa Ufaransa sina ugomvi naye, mkono wake ni mkubwa. Lakini wewe Jumamosi unarudi palepale Feri, na yule mama atakuwepo.

---

WakiliWaKisauni

Hamjambo, niko Mombasa. Niongeze la sheria kidogo maana limeguswa pembeni.

Huku Kenya, Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza kilabu kimoja Nairobi shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Tanzania mna Ibara ya 16 ya Katiba, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo.

Waliotozwa ni wafanyabiashara na taasisi, kwa hivyo msiogope mpaka mkatupa kamera. Nawaomba tu mtenganishe maswali mawili. Kuna "naomba nikupige picha", na kuna "naomba niiweke mtandaoni". Wengi hukubali la kwanza wakidhani mambo yameishia hapo. Mimi nikipiga pale Mji wa Kale huuliza yote mawili, na jibu nalirekodi kwa simu, mwenyewe akijua. Wanawake wengi wa buibui huniambia piga, uniletee, usiiweke popote. Basi siiweki.

---

KijanaWaMtoni

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nirudi kwanza. Mzee wa Ngamiani, nimefanya ulivyosema.

Nilichagua ile moja kati ya tatu za mzee wa wavu ambayo kofia imekaa vizuri, nikaitoa saizi ya postikadi Kariakoo, nikampelekea juzi Jumatano. Alifuta mikono kwenye shati, mbele na nyuma, ndipo akaipokea. Akasema, "Nimefanana na marehemu kaka yangu." Hakusema lingine. Akanisogezea ndoo niketi. Nilikaa karibu saa nzima. Wavu wake ni wa jicho la inchi tatu, na kumbe ule wimbo anaouimba ndio anaohesabia matundu, akikosea wimbo anafumua. Nisingelijua hilo kwa kupiga na kutembea. Nimepata picha mbili za vidole vyake, na moja aliniambia niifute kwa sababu kidole kimoja kina kidonda. Nimeifuta.

Halafu nikaenda upande wa wakaangaji. Kamera nilimwachia mzee. Nikamwamkia yule mama, akanitambua mara moja: "Wewe si yule wa Jumamosi?" Nikasema ndiyo mama, leo nimekuja kula. Nikanunua vibua vya elfu tatu na ndizi, nikala palepale nimesimama. Sikuomba kitu. Nikiwa nanawa mikono akapita kijana na picha ya mzee, maana ilikuwa imeshazunguka nusu ya soko, mama akaichukua akaiangalia. Akaniuliza bila kuniangalia, "Na ile yangu uliifuta kweli?" Nikamwambia niliifuta mama, uliona. Akageuza samaki wake kwanza. Kisha akasema: "Njoo Jumamosi saa nne, nikishauza. Nitakuja na gauni. Ila hapa jikoni usinipige, tusije kugombana." Nikamwambia sawa, mama.

MamaSupuBuguruni, nilikukumbuka pale pale.

Sasa nina swali dogo la kiufundi. Pale Feri kila kitu kimelowa, ile ya mzee mpaka inamrudia ilikuwa na alama za vidole na maji. Ya mama niitoe karatasi gani? Niifanyie laminesheni au?

---

FundiPichaNgamiani

Usiifanyie laminesheni, atataka kuiweka kwenye fremu na plastiki inaakisi taa ukutani. Karatasi isiyong'aa, inashika alama za vidole kidogo. Itie kwenye mfuko wa nailoni ufunge, umkabidhi akiwa ameshanawa. Na toa mbili. Kama ana mama yake mzazi hai, atakuomba ya pili.